Nanasi, Pasheni na Dawa ya Kupe

...kwa sababu nanasi halimenywi kwa kisu cha mezani, nanasi linataka panga, na Boke akalishusha panga, kichwa cha nanasi kikaruka na majani yake kikagonga debe la unga, maji yakamchuruzika mpaka kwenye viwiko, matamu, yananata, hakuyafuta, akamenya upande huu akamenya na ule, yale macho meusi ya nanasi akayachokoa moja moja kwa ncha ya panga, na kila aliloling'oa alilitajia jina, Wangwe, Wangwe, Wangwe, maana huyo aliyeketi sebuleni sasa hivi, kwenye kochi lake Boke, juu ya kitambaa alichokifuma kwa mikono yake, ndiye aliyempiga Mwikwabe nyundo ya kichwa huko kwenye shimo la dhahabu, Mwikwabe mwanawe, wa kiume pekee aliyepewa na Mungu, na kinywaji hiki anachohangaika nacho ni cha kumkaribisha huyo huyo, anywe, apoe koo, watu wapatane, hebu ona dunia... “Mama Mwikwabe!” mumewe Machage akaita kutoka sebuleni, “wageni wana kiu!” “Kinakuja, Baba Mwikwabe,” akajibu, na sauti ikamtoka nzuri, sauti ya mwenye nyumba, ikamshangaza yeye mwenyewe, kumbe mtu anaweza kuwa na moto tumboni na sauti isijue, na hilo jina, Mama Mwikwabe, Machage analitamka laini hivyo hivyo kana kwamba hakuna kaburi nyuma ya zizi, haya, nanasi limekatwa, sasa pasheni, pasheni unazipasua katikati ukakomba mbegu kwa kijiko, zinateleza, zina rangi ya usaha uliochanganyika na damu, astaghafiru angesema Saida, usiseme hivyo juu ya chakula, lakini Saida wa Mugumu, muuza juisi mwenye friji la mafuta ya taa, hajawahi kuoshea mtoto kichwa kilichofunguka, Saida alimfundisha tu, matunda kwanza, mama, halafu tangawizi, sukari, barafu, na povu mwisho kabisa, na ukishatia povu usikoroge, ukikoroga linakufa, mimi natia soda, hayo mengine ya mumeo siyajui na wala usinieleze... na Boke hakumweleza, hakumweleza habari ya chupa nene ya mvinyo wa povu ambayo Machage ameileta toka Sirari imeviringishwa gazeti kama mtoto mchanga, wala hakumweleza habari ya kopo.

Kopo liko nyuma ya mtungi. Dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe, kifuniko kimoja kwa ndoo nzima ya maji na kupe wanadondoka kama mtama, na Boke hana ndoo, ana jagi, na jagi ni dogo, na tangawizi ni kali, na sukari ni nyingi, nani atasikia ladha, hakuna, pasheni yenyewe ina harufu ya kuficha dhambi zote, na haya si mawazo ya leo, amelala nayo ameamka nayo tangu ritongo lilipokaa, baraza la wazee wa Kenyamonta huku na wazee wa Itiryo, kwao Wangwe, kule, wakasema damu imemwagika kwenye mwamba, basi mashimo yote mawili yafungwe, la Machage na la akina Wangwe, mtu asishuke mpaka nyumba hizi mbili zinywe katika chombo kimoja, aanze mama wa marehemu kwa kuwa anayeandaa ndiye anayeonja mbele ya macho ya watu, kuondoa shaka, kisha aliyeua, kisha baba, na mate yakishachanganyika basi, hakuna wa kudai damu tena, na kwa kuwa nyumba ya Boke imebaki bila mtoto wa kiume, Wangwe atakuwa mtoto wa nyumba hiyo, atamwezekea, atamlimia, siku akifa atamchimbia kaburi... Mwanamke mmoja alipiga vigelegele pale barazani, mjinga, asiyezaa hajui uchungu wa mwana, na Boke alitema mate chini mbele ya wazee, wakamtazama wakasema mwacheni, ni mama, lakini usiku ule ule akaanza kuwaza, anayeandaa ndiye anayeonja, vema, ataonja, atajaza kinywa na kumeza, tumbo litamkata lakini uso wake utacheka, na Wangwe atafuata, kijana ana kiu, ametembea na jua toka barabarani, atapiga funda kubwa, na mpaka kile kitu kimkamate utumbo kitakuwa kimeshafika kisikotoka, atajikunja juu ya kitambaa alichofuma Boke, atalia mama, mama, na mama ndiye atakayekuwa anamtazama, na Machage, ah, Machage asinywe, masikini, baba wa watu, naye kafiwa, Boke atamkanyaga mguu, atalipiga jagi kikumbo lianguke kabla halijamfikia, Machage abaki, amwoe mwingine, apate wa kiume mwingine, atamwita Mwikwabe...

Barafu. Barafu ya Saida imefungwa gunia na unga wa mbao, imeanza kulia machozi, inatakiwa kupondwa, na mkono wa Boke ukaenda kwenye nyundo iliyopo dirishani, ya kugongomelea mabati, ukaishika, ukaiacha upesi kana kwamba imemuunguza, akachukua mchi, mchi ni wa jikoni, mchi haujaua mtu, akapiga, barafu ikasema kwach, akapiga, kwach, na hiyo ndiyo sauti, ndiyo hiyo hasa, hakuwepo shimoni lakini anaijua, kule chini ambako njia ya Machage na njia ya akina Wangwe zilitobokeana gizani juu ya mwamba mmoja wenye uzi wa dhahabu, kila mmoja anasema wangu, kila mmoja ana tochi kichwani, kwach, akapiga tena vipande vikaruka vikamgonga kidevuni, siku ile winchi ilizunguka polepole mno, watu wamejaa juu ya kifusi kama kunguru, kamba ikaleta miguu kwanza, hapana, ikaleta kichwa kwanza, lakini kichwa kile hakikuwa na umbo ndiyo maana anakikumbuka kuwa miguu, kiatu kimoja, buti moja tu, lingine limebaki chini, na Machage ndiye aliyemrukia mtoto kabla ya watu wote, akapasua shati, akapapasa kifua, akapapasa, akapapasa, na Boke akiwa ameshikwa na wanawake mikono yote miwili aliona, akawaambia waombolezaji wote waliokuja, nyie, baba yake alimpenda, alikuwa anamtafuta moyo, anatafuta kama moyo bado unapiga... wakalia, wote, hata wanaume. Kwach.

Akaitia barafu kwenye jagi juu ya nanasi na pasheni, akakamua ndimu, akakwaruza tangawizi, kidole kikakwaruzika pamoja na tangawizi, damu kidogo, akaiacha idondoke humo humo, si ndivyo walivyotaka, kuchanganya... na sebuleni wanacheka. Wanacheka! Mzee Ryoba wa Itiryo anasema mvua za mwaka huu zimewaonea, na Machage anasema, “Mvua kitu gani bwana, maji yaliyojaa shimoni ndiyo shida yangu, lakini nimeshapata pampu, iko Tarime, vijana wanaileta, tukimaliza haya mambo ya mama hapa, kesho asubuhi tunashuka,” na Ryoba, “Kesho, tata? Hata siku moja ya kupumzisha kinywaji tumboni?” na Machage, “Mwamba haupumziki, mzee wangu, wenzetu wanauiba kwa upande ule,” wakacheka tena... Mambo ya mama. Hivyo ndivyo anavyoyaita. Tukimaliza haya mambo ya mama, na Boke mkono umesimama juu ya jagi na ndimu iliyokamuliwa ndani yake, haimdondoki, na anaona tena winchi, anaona Machage anapasua shati, anapapasa kifua, na sasa, kwa kuwa hakuna mwanamke aliyemshika wala hakuna kilio cha kumziba macho, anaona yanayofuata, yale ambayo kila siku akifika hapo aliyaruka, Machage anapapasa kiunoni, Machage anaingiza vidole kwenye mifuko ya suruali iliyolowa, Machage anavua lile buti moja, analipindua, analikung'uta, anafumba kiganja. Moyo hautafutwi kiatuni, Boke. Moyo hautafutwi kiatuni we mjinga we mke wa mtu.

Na jioni yake Machage alikwenda Mugumu, mtoto angali kwenye mkeka hajaoshwa, alisema anakwenda kutafuta jeneza, akarudi na jeneza la vishikio vya shaba, lina kitambaa cheupe ndani na dirisha la kioo, watu wakasema Machage kamzika mwanawe kama mbunge, na Boke alijivuna, Mungu amsamehe, katikati ya msiba alijivuna, hakujiuliza jana alikuwa hana hata ya chumvi leo shaba imetoka wapi, imetoka kwenye buti, mtoto alijinunulia jeneza lake mwenyewe, akalipiwa na kile kipande cha dhahabu alichoficha asinyang'anywe, kikulacho ki nguoni mwako, na huku nguoni kwake yeye kilikuwa kinalala, kinakoroma, kinamwambia lala mama, Mungu ndiye anayepanga... Na asubuhi ya siku ile, ndiyo, asubuhi, nani aliyenoa panga uani, si alilisikia likinolewa wakati anakoroga uji, shwaa, shwaa, akadhani ni la kukatia majani ya ng'ombe, Machage akampa mtoto mkononi akamwambia, “Mura, shuka ukawatoe wale, na usipande mikono mitupu,” na Mwikwabe akasema ndiyo, baba, hakumaliza hata uji, Mwikwabe alikuwa mtoto wa ndiyo baba, mpole, aliogopa hata kuchinja kuku, na Wangwe alilisema hilo barazani, alisimama mbele ya wazee na midomo imemkauka akasema, “Mama, alikuja na panga, mimi nilikuwa na nyundo ya kazi, tochi zikazimika, nikapiga,” na mzee akamuuliza ulipiga mara ngapi, akasema mara tatu, hakuficha, akasema tatu, na yale mate Boke aliyatema kwa sababu ya hiyo ya pili na ya tatu, maana ya kwanza ni woga, mtu yeyote anapiga ya kwanza, ya pili na ya tatu ni mkono wenyewe ulivyo.

Basi wanywe wote. Akavuta kopo kutoka nyuma ya mtungi, akafungua, harufu ikampanda puani ikamchoma macho, wanywe wote, hakuna atakayekanyagwa mguu, yeye, kijana, na Machage funda kubwa kuliko wote, Machage anapenda vitu vitamu, na mzee Ryoba akitaka aombe naye, mchimba kisima huingia mwenyewe, akaliinamisha kopo mpaka mdomo wake ukagusa ukingo wa jagi... lakini sumu haina macho, sumu itamuua Machage kwa nusu saa tu, akikoroma na kujitapikia kwenye kochi, hatajua ni kwa ajili gani, atadhani ni mvinyo wa Sirari umeharibika, atakufa akiilaani Sirari, hapana, hapana, Boke anataka ajue, anataka amtazame anayekuja na aone mkononi kuna nini na arudi nyuma mpaka ukuta umwambie mwisho hapa... na yeye Boke anataka kuwa hai siku hiyo, amekaa, anakunywa chai. Akaliinua kopo kabla tone halijatoka. Akalishikilia. Kwa mkono mwingine, bila kujua kwa nini, akaanza kuzungusha waya wa ile chupa nene, Saida alisema povu mwisho, mwisho ndiyo huu, waya ukaachia, kizibo akakisukuma kwa dole gumba, na kikalipuka, puu! kikapiga bati la dari, povu likamwagika likamfunika mikono, na sebuleni kicheko kikakatika.

“Nini hiyo?” akauliza mzee Ryoba, na Machage akasema, “Soda ya wakubwa hiyo, mzee, keti,” lakini Boke alikuwa amegeuka, na pazia la mlango limeinuliwa na upepo, akamwona. Wote wamekaa isipokuwa mmoja. Wangwe amesimama katikati ya sebule, miguu ameitanua, hakupiga kelele, hakumtazama mtu, na mkono wake wa kulia uko kiunoni tayari, pale ambapo panga lingekuwepo kama wazee wasingemvua mlangoni, mkono ulifika kabla ya akili, macho makavu kabisa, na Machage anamwambia keti mura, keti, na yeye haketi, mpaka mkono wenyewe uliporidhika ndipo akaketi... Mtoto gani huyo. Mtoto wa nani huyo. Na Boke akahisi kitu kinamtulia ndani, kizito, kama mimba inapogeuka, wazee wamesema, si yeye aliyesema, wazee wa pande mbili wamesema akishakunywa nyuma ya mate yake ni mwanawe, atamwezekea, atamlimia, na mtoto wa kiume wa Kikurya hamwachii mama yake jambo likamlaza macho, mama hana haja ya kusema mara mbili, atampikia, atamwekea nyama ya shingo, atamwambia polepole, siku moja hili, siku nyingine lile, habari ya panga lililonolewa uani, habari ya buti, atamwambia nani alikutengenezea wewe damu ile mikononi, mwanangu, nani aliyewasukuma ninyi wawili gizani akabaki juu ameshika kamba.

Akakifunga kifuniko cha kopo, akakikaza, akalirudisha kopo nyuma ya mtungi. Akamimina mvinyo juu ya matunda taratibu, ukapanda ukivuma, vipande vya nanasi vikainuka na povu, mbegu za pasheni zikapanda zikashuka, hakukoroga, akabandika kipande cha nanasi kwenye ukingo kama Saida alivyomwonyesha, kikawa kizuri kweli, cha kupiga picha. “Mama Mwikwabe, tumekauka huku!” akaita Machage. “Nakuja, Baba Mwikwabe,” akasema, na sauti ilikuwa ile ile nzuri, akajipangusa mikono kwa kanga, akasimama hapo hapo alipokuwa amesimama tangu mwanzo, jagi mbele yake, akilitazama povu. Mwanawe wa kwanza alitumwa na baba yake. Huyu atatumwa na mama.