Shamba Lililokuja Mushasha

Alhamisi, kipindi cha mwisho kabla ya chakula, Mwalimu Anisia aliandika ubaoni kitenzi cha Kiingereza: bring. "Ni kuleta," aliwaambia wanafunzi wake wa Mushasha. "Kitu kinatoka kule, kinakuja hapa nilipo." Akatunga mfano wa maji, ndoo ikaingia. Akatunga wa kiti, kikaingia kiti cha Padri Dominiko, mkuu wa shule, naye padri akaja kukifuata akinung'unika.

Mfano wa tatu ulikuwa wa shamba la baba yake Anisia.

Lilikuja lote kutoka Nyarusange, na migomba yake, na kaburi la baba, na Nazario aliyelikalia tangu familia ilipokimbilia Tanzania. Likatua uwanjani. Nazario hakuacha kupalilia.

"Écoute, mwalimu, hii shamba itatoka saa ngapi?" padri aliuliza. "Watoto iko na mechi."

"Kengele ikilia, padri."

Mama yake Anisia, Martha, akaitwa. Tangu warudi kutoka ukimbizini kupitia mpaka wa Muyinga alikuwa na ombi moja tu: azikwe kando ya mumewe. Husemwa mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa waliorudi kwao walinyimwa hata mpini.

"Karibu, mama," alisema Nazario, akitua mtungi wa pombe ya ndizi wenye mirija miwili. "Nafasi ya kaburi mi nitakupa. Kunywa kwanza na mi."

Kila mtu alijua maana yake. Wanaogombea shamba wakishanywa mtungi mmoja mbele ya watu, kesi imekwisha, na aliyelishika ndiye mwenyewe.

Jua lilikuwa kali. Martha aliutazama mrija, akamtazama binti yake.

"Nikinywa, Nazario, huyu atalima wapi?"

Akaketi kando ya kaburi na kiu yake mpaka kengele ikalia, shamba likaenda zake Nyarusange.

Ikawa hivyo kila Alhamisi. Inauma, lakini kuletewa si kurudishiwa.

Martha alifariki Jumapili moja. Kwa kuwa hakuwa amekunywa, alizikwa kwenye makaburi ya parokia, ng'ambo ya uwanja wa shule. Alhamisi iliyofuata Anisia hakuandika kitu ubaoni. Shamba lilikuja lenyewe, likajisogeza polepole mpaka kaburi la mume likalala kando ya la mke. Padri aliahirisha mechi. Nazario aliendelea kupalilia, na kengele ilipolia akaondoka nalo.