Udongo Mwekundu Kwenye Brashi

Tangu waoane, Mama Vifungo hakuwahi kumwona mumewe akihangaika na viatu. Mwanamume huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu kwa jinsi alivyotembea kama anayepima njia, alikuwa karani wa masjala ya mahakama, na viatu vyake vyeusi vilikuwa vimepauka puani kama magoti ya mtoto anayetambaa. Mkewe ndiye aliyevifuta, tena siku za harusi na misiba tu. Basi jioni moja Taratibu alipoingia ndani viatu vikiwaka, Mama Vifungo aliondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani, akatazama mara mbili.

Alimpokea mkoba, akamwekea maji ya kuoga, akarudi kwenye gauni alilokuwa akilishona. Lakini mshono ulikwenda upogo, ikabidi aufumue.

Siku chache baadaye mumewe alitoka na vumbi lake la kawaida, akarudi anameremeta. Ikawa hivyo siku hii na ile, si kila siku, ila mara kwa mara. Hilo ndilo lililomkera. Mtu anayejipenda hupiga viatu rangi anapokwenda kwa watu. Huyu wake alikuwa anavipiga anaporudi kwa mkewe.

"Siku hizi unanitia aibu," alimwambia wakiwa mezani. "Mimi nimevaa ndala, mwenzangu unang'aa kama bwana harusi."

"Bosi mpya anapenda usafi," alijibu Taratibu, macho yakiwa kwenye sahani.

Jibu lilikuwa zuri, ila lilikuja upesi mno kwa mtu asiyekuwa na upesi wa kitu chochote. Mama Vifungo akalimeza, akangoja sababu ya kwenda mahakamani. Sababu ikajileta yenyewe siku mumewe aliposahau miwani. Aliifunga kwenye leso akaipeleka, na kwenye korido akakutana na huyo bosi mpya, mtu mnene mcheshi aliyevaa kandambili, visigino vimepasuka kama ardhi ya kiangazi. Ndani ya masjala alimofanyia kazi Taratibu mlikuwa na kiti kitupu na koti lake likining'inia mgongoni mwa kiti.

Getini mlinzi alimwambia kwa sauti ya chini kwamba mzee ametoka mapema, si unajua tena, bosi amemruhusu awe anatoka mapema.

"Poleni sana, mama," alimalizia mlinzi.

"Tumeshapoa," alisema Mama Vifungo, akaondoka na miwani yake bila kujua amepewa pole ya nini.

Jioni hiyo Taratibu aliporudi alilalamika kwamba kazi zilimbana hata chai hakunywa. Mkewe akamkabidhi miwani, akamwambia aliikuta chini ya mto. Akayatazama macho ya mumewe. Macho yale yalikuwa yamechoka, wala hayakuwa na furaha, na jambo hilo lilimchanganya zaidi. Mwanamume anayetoka kwa mwanamke mwingine, alivyofikiri yeye, angalau angekuwa na uchangamfu wa kuficha.

Alichokitafuta kilimjia mikononi kwa njia ya kazi yake. Mkanda wa mkoba wa Taratibu ulikatika, akamwachia aushone wakati yeye anaoga. Mama Vifungo aliuinua mkoba akahisi uzito usio wa makaratasi. Ndani, katika fulana kuukuu, kulikuwa na kidude cha chuma cha kujaa kiganjani. Ubavuni kilikuwa na mpini mdogo wa kuzungusha, na puani brashi ya duara. Alipoupa mpini mzunguko mmoja, brashi ilizunguka mara nyingi, ikatoa mlio kama wa cherehani inayokwenda bila kitambaa. Pembeni ulikuwepo mkebe wa rangi ya viatu, nyeusi, uliokwisha nusu.

Basi hiki ndicho. Mtu amejinunulia mashine, anatembea nayo kwa siri, anasimama mahali fulani njiani kujisafisha kabla ya kufika kwake. Alisikia maji bado yanamwagika bafuni. Akachukua sindano nene, akaichokonoa ile brashi kama anavyosafisha uchafu chini ya cherehani yake. Yaliyotoka aliyaweka kwenye kipande cha kitambaa cheupe. Rangi nyeusi iliyoganda, hiyo aliitarajia. Halafu udongo mwekundu, mwekundu kabisa, wa mfinyanzi. Na katikati yake, nyuzinyuzi laini za rangi ya machungwa.

Nyuzi alizijua hata gizani. Zile zilikuwa manyoya ya blanketi, tena blanketi la bei nafuu linalopukutika. Na manyoya ya blanketi hayamwangukii mtu barabarani. Huviangukia viatu vilivyovuliwa kando ya kitanda.

Aliushona mkanda. Aliurudisha mkoba ulivyokuwa, kila kitu mahali pake, akala chakula cha jioni bila kuhisi ladha.

Rafiki yake wa karibu alikuwa msusi wa mlango wa pili, mwanamke ambaye vidole vyake na mdomo wake havikuwahi kupumzika kwa zamu. Mama Vifungo alimweleza kidogo, naye msusi akaongeza mengi. Alimkumbusha kwamba udongo mwekundu uko upande mmoja tu wa mji, kule mlimani nyuma ya matanuri ya matofali, na kule wanaishi watu wa kuhesabika. Akamwuliza kama hana mteja wa kule.

Alikuwa naye. Mjane mmoja wa magauni ya mgongo wazi, mcheshi, mwenye kumuulizia Taratibu kila alipokuja: mzee hajambo, mzee bado anafanya kazi, una bahati mwenzetu kuwa na mume mpole. Maneno ambayo zamani yalikuwa salamu sasa yalianza kunuka. Mjane alipokuja kupimwa tena, Mama Vifungo alimzungukia na pini mdomoni, akimchunguza shingo, mikono, hata viatu. Vilikuwa na udongo mwekundu. Pini moja ilimchoma yule mama kiunoni, na nyingine begani, na ya tatu haikuwa bahati mbaya hata kidogo.

"Leo umeshikwa na nini?" aliuliza mjane akijisugua.

"Macho," alisema Mama Vifungo. "Yananisumbua."

Siku iliyofuata aliacha kushona mchana, akajitanda kanga ya jirani asitambulike, akajibanza kwenye kibanda cha muuza magazeti kuelekea mahakama. Taratibu alitoka jua likiwa bado kali. Kumfuata hakukuwa kazi; kazi ilikuwa kutompita. Alitembea kwa mwendo wake uleule, mkoba begani, akanunua mkate, akanunua sabuni ya kipande, akashika njia ya matanuri. Sabuni ilimuuma mkewe kuliko mkate. Mkate hata mgeni hupeleka.

Lami iliisha, udongo ukaanza. Nyumba ya mjane ilikuwa ya kwanza mkono wa kulia, yenye maua getini. Mama Vifungo alisimama nyuma ya rundo la matofali, akiwa ameshaandaa maneno ya kuingia nayo. Taratibu akaipita. Hakuitupia hata jicho.

Akaendelea kupanda. Ndipo mkewe alipoanza kuelewa anakwenda wapi. Juu kule, mwisho wa njia, kulikuwa na nyumba ya bati yenye mlango wa kijani aliyokuwa ameapa kutoikanyaga tena. Ilikuwa nyumba ya shemeji yake, kaka mkubwa wa Taratibu, fundi wa matanuri aliyestaafu.

Ugomvi wao haukuwa mdogo. Nyumba wanayoishi Mama Vifungo na mumewe aliachiwa yeye mke na baba yake mzazi, na siku ya harusi ya binti yao wa kwanza shemeji alisimama mbele ya wakwe wapya akasema mdogo wake hakuoa, ameolewa. Watu walicheka. Mama Vifungo hakucheka. Baada ya wageni kuondoka aliweka sharti: shemeji asikanyage kwake, na yeyote atakayekwenda kwa shemeji asimletee vumbi la kule ndani ya nyumba yake. Taratibu aliinamisha kichwa, na tangu hapo jina la kaka yake halikutajwa. Mkewe alidhani limekwisha.

Pale nyuma ya matofali alitamani ingekuwa ni kwa yule mjane. Kwa mwanamke alijua la kufanya. Kwa hili hakujua. Akawaza kwamba ndugu hawa wawili wanapanga kitu. Labda nyumba, labda shemeji amemjaza maneno mumewe aidai sehemu. Kwa nini basi afiche? Akapanda hadi dirishani, akachungulia.

Taratibu alikuwa peku, suruali ameikunja. Viatu vyake vilikuwa kando ya kitanda, chini ya blanketi la rangi ya machungwa ambalo pindo lake lilikuwa limefumuka lote. Kitandani alilala shemeji, lile pande la mtu, amekonda, nusu ya uso imelegea kama pazia lililochomoka kwenye ndoano. Taratibu alikuwa anamnyoa ndevu. Alimvuta shavu kwa kidole, akapitisha wembe, akamfuta povu, taratibu kama jina lake.

Shemeji ndiye aliyemwona kwanza. Maneno yalimtoka yakiwa mazito, upande mmoja wa mdomo.

"Mkeo yuko dirishani."

Wembe ukasimama. Mama Vifungo akazunguka, akaingia kwa mlango wa kijani, akasimama katikati ya chumba na kanga ya watu kichwani.

"Tangu lini?" alimuuliza mumewe.

"Tangu alipoanguka. Kabla ya mvua za mwanzo."

"Na mimi nikapewa habari za bosi anayependa usafi."

Taratibu aliufuta wembe pole pole. "Ningekuambia, ungekataa," alisema. "Ungekataa, na mimi ningekuja vilevile. Sasa tungekuwa na kuja kwangu, na ugomvi juu yake. Nikaona bora nije tu."

"Na hicho kimashine?"

"Ulisema vumbi la huku lisiingie kwako. Halikuingia."

Alilisema bila kejeli, kama karani anayesoma kilichoandikwa, na hilo ndilo lililomkata maini. Mama Vifungo alikaa kwenye kigoda. Bado hakuwa ameamini. Alimkazia shemeji macho, akiutazama mkono ule uliolala juu ya blanketi kama utajisahau ukasogea. Haukusogea. Inzi alitua juu yake, akatembea hadi kwenye kucha, akaruka mwenyewe.

"Shemeji," alisema, "unakumbuka uliyoyasema mbele ya wakwe zangu?"

"Nakumbuka." Mgonjwa alipumzika, akakusanya pumzi. "Sasa ameolewa nyumba mbili. Huku ananiogesha."

Taratibu akageuza uso. Mama Vifungo alihisi kicheko kinampanda, akakibana kwa meno, kikampita puani. Hakuwa tayari kumpa mzee yule zawadi hiyo. Badala yake alilivuta blanketi, akachomoa sindano na uzi kwenye kola ya gauni lake, akaanza kulipinda lile pindo akinung'unika kwamba nani aliuza uchafu huu, na kwamba mashuka yanatandikwa kama ya gerezani. Alishona mpaka upande wa miguu, mumewe akamaliza kunyoa, na hakuna aliyeombwa wala kuomba msamaha.

Wakashuka pamoja. Walipofika lami inapoanza Taratibu alikaa kwenye kipande cha ukuta, akatoa kimashine chake kwa mazoea, akaanza kuzungusha. Udongo uliruka mwekundu. Alipomaliza alimtazama mkewe, akanyoosha mkono. Mama Vifungo alisita, kisha akavua ndala moja akampa, ndala ya mpira, isiyohitaji rangi ya viatu hata chembe. Alimwangalia akiisugua kwa bidii na hakumkataza.

Msusi alipoambiwa kwamba ni shemeji mgonjwa, alitikisa kichwa kwa huruma na hakuamini neno. Mjane aliongezewa shali bure kwenye gauni lake, akaondoka akijiuliza kulikoni.

Mvua kubwa zilipoanza, njia ya mlimani iligeuka utelezi, hata pikipiki zikakataa kupanda. Mama Vifungo mwenyewe ndiye aliyesema mgonjwa aletwe. Alihamishia cherehani barazani, akaweka kitanda chumbani ilimokuwa, na shemeji akaingia kwa mgongo wa mdogo wake, akilalamikia godoro kabla hajawekwa chini. Tangu siku hiyo nyumba haikukosa kelele. Mito ilikuwa migumu, uji ulikuwa mwepesi, cherehani ilimzuia kulala. Mama Vifungo alijibu yote, moja baada ya jingine, na shemeji akaanza kupata rangi usoni na nguvu vidoleni.

Lakini jioni, akiwa barazani na kitambaa magotini, huwasikia wale ndugu wawili wakinong'ona nyuma ya ukuta. Akiingia, wananyamaza. Wakiulizwa wanasema walikuwa wanazungumzia mpira, timu ya zamani, goli la mtu fulani aliyekwisha kufa. Yeye huitikia, akaweka chai, akarudi kwenye kiti chake. Kisha hukisogeza kidogo karibu na ukuta, akakanyaga cherehani pole pole, isipige kelele.