Kisu cha Lorne na Mlingoti Mweusi

Ko. Ko. Ko. Kisha, bu.

Ardith Zwicker aliisikia hiyo bu akiwa bado nje ya banda, na moyo ukamshuka. Tangu utotoni alijua maana yake. Baba yake, Lorne, alikuwa ndani akiugonga mlingoti wa mashua yake kwa nyundo ya mbao, akitembea nao kutoka ncha hadi kitako, na ule mti uliokuwa ukimjibu vizuri njia nzima ulikuwa umefika mahali ukafa sauti.

"Umesikia?" Lorne aliuliza bila kugeuka.

"Nimesikia, Baba."

"Umeoza. Pale pale unapopita kwenye sitaha." Akaiweka nyundo juu ya maranda kama mtu anayeweka kofia msibani. "Basi. Mashua ipande nchi kavu, ilale."

Mashua hiyo iliitwa Verna, jina la mama yake Ardith. Lorne aliijenga mwaka alioposa, na tangu mkewe afariki hapakuwa na mahali pengine alipocheka kwa sauti. Majirani wa Mahone Bay, kijiji chao cha pwani, walilijua hilo. Ardith alilijua kuliko wote: siku Verna itakapofunikwa turubai, baba yake naye atajifunika humo humo.

"Tafuta mti mwingine," alisema.

"Mti gani? Msonobari mrefu, mnyoofu, usio na fundo? Nionyeshe ulipo niupigie magoti. Yote imeshageuzwa karatasi."

"Basi nitakutengenezea mimi."

Lorne aliangua kicheko kikavu. Ng'ambo ya barabara binti yake alikuwa na karakana yake mwenyewe, ambako alitengeneza milingoti ya nyuzi za kaboni kwa matajiri wa mji wa Halifax. Lorne aliiita jiko la plastiki. "Unifungie bomba la maji kwenye mashua yangu?"

"Mashua yenye jina la mama yangu haitakufa kwa ukaidi wako wakati mimi nina mikono miwili!" Ardith alifoka, na maranda yakaruka alivyopiga mguu chini. Alikuwa na hasira za baba yake na sauti ya mama yake, na ukikutana na vyote viwili kwa pamoja ulikuwa huna pa kukimbilia.

Mzee alikuna ndevu. "Mbio moja," alisema mwishowe. "Ile ya kuzunguka kisiwa cha Tancook. Nikiridhika, mlingoti wako unabaki. Nisiporidhika, unaung'oa kwa mkono wako, na mashua inalala."

Ardith alifanya kazi mwezi wa Julai wote. Alitandaza nyuzi nyeusi tabaka juu ya tabaka, akazilowesha gundi, akaziingiza kwenye tanuri refu alilolijenga mwenyewe kwa mbao na mabati. Siku moja Lorne alichungulia mlangoni, akanusa.

"Mlingoti unaookwa! Ukiiva nile na siagi?"

"Utakula maneno yako, Baba. Funga mlango, joto linatoka."

Siku ya kuusimamisha, Ardith na binamu yake Clyde waliubeba begani, watu wawili tu, wakavuka nao barabara huku Clyde akipiga mluzi. Ule wa zamani ulikuwa ukihitaji winchi na nusu ya kijiji kikitukana. Lorne aliutazama ukipita, akageuza uso.

"Hutaugonga uusikie?" Ardith alimuuliza, akimnyooshea nyundo.

"Nigonge nini? Nani anagonga ndoo?"

Jumamosi ya mbio, Burton Mossman, mpinzani wa Lorne tangu shule ya msingi, alikuwa wa kwanza kupiga kelele kutoka mashua yake.

"Lorne! Hiyo fimbo ya kuvulia samaki, chambo chake kiko wapi?"

"Chambo ni wewe, Burt! Njoo nyuma yangu uone!"

Kipenga kililia, upepo ukajaa tangani, na Verna akaondoka kama aliyeitwa. Uzito uliokuwa ukimlaza ubavu miaka yote haukuwepo tena juu. Alisimama wima, akakata maji, akampita mmoja, akampita wa pili. Ardith alimtazama baba yake kwa pembe ya jicho. Mzee alikuwa ameng'ata midomo ili isitabasamu.

"Unasemaje?" Clyde aliuliza.

"Nasema shika kamba yako unyamaze."

Lakini nyuma ya kisiwa upepo ulikufa. Tanga likalegea kama nguo iliyoanikwa. Mbele yao kidogo Mossman alikuwa amesimama vilevile, akitafuna soseji na kuwapungia. Dakika zikapita, maji yakawa sahani.

Hapo Lorne akafanya alichokifanya baba yake, na babu yake, kila bahari ilipolala. Aliinuka kwenye usukani, akachomoa kisu kiunoni, akauendea mlingoti ili akikite, mpini ukielekea anakotaka upepo utoke. Hakufikiri. Mkono ndio uliofikiri.

"Baba, usi—!"

Tak! Kisu kiliteleza, ncha ikakatika, kikaangukia sitahani. Kwenye ule weusi unaong'aa pakabaki mkwaruzo mweupe.

Lorne aliukodolea macho mlingoti, kisha kisu, uso wake ukawa wa mzee kweli.

"Huu si mlingoti," alisema taratibu. "Mlingoti usiopokea kisu hauwezi kuita upepo. Na sasa nimeuvunja, eh? Ung'oe, mwanangu. Tulipatana."

Ardith alikuwa na maneno makali hadi kwenye meno, lakini aliyameza. Alitia mkono mfukoni, akatoa sarafu, akapiga magoti. Akaanza kugonga, mbali kidogo na jeraha, akilikaribia.

Ti. Ti. Ti. Ti.

Lorne aligeuza kichwa. "Unafanya nini?"

"Nausikiliza. Kama tabaka zimeachana ndani, utaniambia."

Ti. Ti. Ti.

Mzee akasogea. Akapiga magoti naye, viungo vikilia, akaweka sikio karibu. "Clyde, acha kutafuna. Gonga tena. Chini kidogo. Twende."

Ti. Ti. Te.

"Hapo!" walisema wote wawili kwa pamoja.

Walitazamana. Lorne alimnyang'anya sarafu, akagonga mwenyewe, akaizunguka ile te ndogo mpaka akaimaliza. Haikuzidi ukucha wa kidole gumba.

"Jeraha la ngozi," alisema.

"La ngozi tu. Kiraka kimoja kinatosha."

"Na kwingine kote ni mzima." Aligonga juu, akagonga pembeni, akatega sikio kama anayesikiliza mtoto tumboni. "Ardith. Mbona hukuniambia kwamba mlingoti wako unasema?"

"Nilikupa nyundo, ukaniambia ndoo!"

Clyde alicheka hadi akakohoa, na alipokuwa bado anakohoa, shavu lake likapata ubaridi. Wote wakatazama chini. Kisu kilicholala sitahani kilikuwa kimeelekeza mpini kusini-magharibi, na kutoka huko huko maji yalikuwa yakikunjamana, yakija.

"Usiseme kitu," Lorne alimwonya binti yake, akirukia usukani. "Kimefanya kazi!"

Walimpita Mossman soseji ikiwa bado mdomoni mwake.

Mbio zilipokwisha, gatini, Clyde alipokwenda kutafuta chai, Ardith alikunja tanga polepole, akingoja. Mwishowe uvumilivu ukamwishia. "Ninaung'oa au siung'oi?"

Lorne alikuwa amesimama peke yake chini ya mlingoti, sarafu bado mkononi, akigonga kutoka juu anapofika hadi chini, bila haraka. Halafu aliweka kiganja bapa juu ya ule weusi uliopashwa na jua. Aliposema, hakuwa akisema na Ardith bali na mashua.

"Verna, mama, tulia. Turubai nimelitupa. Baridi ikipita na majira ya kuchipua yakifika utakuwa majini kabla Burt Mossman hajavua koti lake la baridi, na nitakuwa nimeshika usukani mimi mwenyewe. Nakuahidi."