Sosi Iliyomwagwa

Kwa miaka kumi na tisa Jemutai alipika katika hoteli moja karibu na Ziwa Naivasha. Huko ndiko alikojifunza kutengeneza sosi ya saladi: kiini cha yai bichi, mafuta, ndimu, haradali na kitunguu saumu. Alipostaafu na kurudi kwake Gilgil aliendelea kuitengeneza. Aliiweka kwenye chupa ya glasi ndani ya friji, na haikukaa zaidi ya siku mbili. Hakuna aliyeruhusiwa kuchovya kijiko alicholamba. Kabla ya kuipeleka mezani aliifungua na kuinusa. Pua ikikataa, aliimwaga.

Februari aliugua homa kali, na alipopona pua yake ilikuwa imekufa. Chai, moshi wa kuni, sabuni, vyote vilikuwa kama maji. Hakumwambia mtu. Mumewe, Kiprugut, alikuwa amefariki miezi michache kabla, na jikoni ndipo mahali pekee Jemutai alipojiona bado ana kazi. Aliogopa wangemwambia apumzike.

Maombi ya kumkumbuka Kiprugut baada ya mwaka mmoja yalipangwa Jumamosi. Sosi aliitengeneza Alhamisi jioni. Ijumaa stima ilipotea asubuhi, friji ikazimika mpaka iliporudi usiku. Jumamosi alifungua chupa, akaisogeza puani kama alivyozoea. Hakusikia kitu. Akajiambia iko sawa, kwa sababu kumuuliza mtu mwingine kungekuwa kukiri.

Lynn, mke wa mwanawe Kiplangat, alikuja kusaidia. Yeye na Jemutai walikuwa wanaheshimiana bila kuzoeana. Wageni wakiwa bado wanaimba sebuleni, Lynn aliichukua ile chupa aimimine kwenye bakuli. Alisita, kisha akaimwaga yote kwenye sinki na kufungulia maji.

Jemutai aliyaona hayo akiwa mlangoni.

"Unamwaga chakula cha mume wangu," alisema kwa sauti ya chini.

"Mum, imeharibika."

"Nani amekwambia?"

"Inanuka. Hata hapo ulipo inafika." Lynn alimtazama. "Kwani husikii?"

Jemutai alivuta kiti, akaketi. Kule sebuleni pasta alianza kuomba.

"Sisikii kitu tangu nigonjeke," alisema. "Ningewalisha watu sumu siku ya Kiprugut."

Lynn alifunga mlango taratibu, akanawa mikono, akaweka bakuli safi mezani. "Mayai tuachane nayo. Niambie nianze na nini."

"Mafuta. Vijiko sita. Kamua ndimu mbili, uponde punje moja tu ya kitunguu saumu."

Lynn alipiga kwa uma mpaka ikawa nzito kidogo, akaonja. "Chumvi bado."

"Kiasi gani?"

"Kidogo. Na kuna uchungu."

"Hizo ni mbegu za ndimu. Zitoe, uweke sukari kidogo sana."

Alionja tena, akafikiri, akaitikia kwa kichwa. Jemutai alimwambia asichanganye na saladi mapema, majani yangenyauka. Waliipeleka mezani kwenye bakuli lake, kila mgeni ajimiminie. Wazee walikula wakaomba waongezewe, na hakuna aliyejua lolote.

Wageni walipoondoka, Jemutai alimwambia mwanawe mwenyewe. Kiplangat alikasirika. "Miezi yote hiyo, kwa nini hukuniambia?"

"Baba yako ndiye ningemwambia," alijibu.

Kiplangat akaanza kukusanya sahani.

Wiki iliyofuata walimpeleka Nakuru. Daktari alisema harufu inaweza kurudi, na inaweza isirudi. Mpaka leo haijarudi. Jemutai bado anapika. Chupa zake sasa zina karatasi yenye tarehe, na stima ikipotea hangoji kuuliza, anamwaga. Siku ambazo Lynn hayupo, anamwita jirani aonje, na hamfichi sababu.