Kamusi ya Stamatia

Siku filamu ya maisha yake ilipooneshwa kwa mara ya kwanza hapo Thesaloniki, Ugiriki, Stamatia Vrettou, mwenye miaka sabini na tisa, alijifungia chumbani akidai tumbo linamsokota.

"Tumbo gani? Woga huo!" Foula, rafiki yake wa siku nyingi, aligonga mlango. "Shoga, toka! Nimevaa viatu vya visigino virefu kwa ajili yako, na miaka yangu themanini na mbili hii!"

Zamani, Stamatia aliikusanya lugha ya siri ya watu wa aina ya Foula, waliozaliwa wakaitwa wanaume lakini wakajijua ni wanawake, pamoja na ya wanaume waliopendana wao kwa wao. Alikaa kwenye saluni ya Foula akiandika kila neno. Polisi akichomoza barabarani, mmoja alisema, "Shangazi kaja na mwavuli," na wote wakatawanyika. Mwaka 1978 aliipeleka kamusi yake chuoni alikokuwa akisomea shahada. Maprofesa wakacheka, wakamrudishia kwa ncha za vidole: uchafu haufanyiwi utafiti. Wakamfukuza. Akaishia kufundisha shule ya jioni, lakini madaftari hakuyaacha. Yalifika thelathini na moja, na watu wa saluni wakayanakili.

Mwishowe Stamatia alitoka, wakaenda. Ukumbi ulifurika. Filamu ilikwenda vizuri mpaka Foula alipotokea kwenye skrini, yumo saluni, anafungua kinywa. Sauti ikakatika. Midomo ikawa inacheza, neno halitoki. Mtu akacheka nyuma huko, na Stamatia akajikunyata kitini. Kicheko kilekile cha maprofesa.

Foula akasimama. "Mnaitazamia nini picha? Mwenyewe si huyu hapa!" Akaanza kuyasema yaleyale aliyoyasema kwenye filamu. "Jamani, shangazi kaja na mwavuli!"

"Basi tuanike nguo ndani!" akajibu binti mmoja kutoka nyuma, kwa lugha ileile.

Stamatia akageuka. Hakuwahi kumwona binti yule. Mzee mwenye mkongojo akadakia, wengine wakamjibu, mara ukumbi mzima ukachangamka kama soko la samaki. Nakala za kamusi yake, zilizopita mkono kwa mkono miaka arobaini, kumbe zilikuwa zimezaa.

Ghafla sauti ya filamu ikarudi.

"Zima!" watu wakapaza sauti. "Tuache tuongee!"

Mazungumzo yalipotulia, mkuu wa sasa wa idara ya lugha, mwanamke wa makamo, alimsogelea Stamatia. "Mwalimu, tunaomba tuichapishe kamusi yako. Na shahada tuliyokunyima, tutakupa mbele ya chuo kizima."

"Muombeni radhi Foula kwanza. Maneno ni yake."

Mkuu akainamisha kichwa. "Tusamehe, mama."

Foula alimkagua kuanzia juu hadi chini. "Nimesamehe. Ila hizo nywele, mwanangu, nani kakufanyia ukatili huo? Kesho njoo saluni."

Stamatia alicheka mpaka machozi yakamtoka. Watu wakaanza kuliita jina lake. Akajifuta uso, akapanda jukwaani bila kushikwa mkono, na ukumbi wote ukasimama.