Zilizolala Mfupani

Mdogo wangu alivuka mstari wetu wa mgomo kwenye lango la kiwanda cha sabuni akaingia kazini, asubuhi ya mvua, akiwa amevaa koti langu. Miaka mingi imepita na bado nakumbuka kifungo kilichokosekana kwenye koti lile. Tangu siku hiyo sikumpa hata salamu. Kwa hiyo dada yetu mkubwa aliponiambia mdogo wangu ana saratani ya damu, na kwamba katika ndugu wote ni mimi tu niliyelingana naye kwenye vipimo, nilicheka mpaka nikakohoa. Dada akasubiri nimalize, kisha akaniuliza kama nitakwenda kwa miguu yangu au nikokotwe.

Daktari, mwanamke mfupi anayeongea kama anakimbizwa, alinieleza habari ambayo sikuwahi kuisoma, na mimi nimesoma kila gazeti lililowahi kufungia maandazi. Ndani ya mifupa, kwenye uboho, kuna seli shina, ndizo zinazozaa damu yote. Nyingi zimelala. Ukivuja damu sana au ukishikwa na homa kali, baadhi huamka, hujigawa, huziba pengo, kisha hurudi kulala. Nikamwambia kumbe hata mwilini mwangu wamo wasiohudhuria mkutano.

Wakanidunga sindano za kuziamsha, siku baada ya siku. Kiuno na nyonga viliuma kana kwamba humo ndani watu wanahamisha makabati. Sikulalamika. Nilimwambia dada hiyo ndiyo kelele ninayoijua, hao wanaamka, na nikawa natembea chumbani kama ninayesubiri lango lifunguliwe.

Wodi ya jirani, mdogo wangu alikuwa tayari amechomwa uboho wake kwa dawa kali, mbovu na mzima pamoja. Hapakuwa na kurudi nyuma. Seli zangu zije, au tumzike.

Siku ya mashine ya kuchuja seli hizo kwenye damu ikafika, vipimo vikasema hazitoshi. Zimeamka, lakini zimeng'ang'ania mfupani. Daktari akasema ipo dawa nyingine inayokata kinachozishikilia. Nikamtaka anidunge mara mbili yake, aziamshe zote, asibakize hata moja.

"Zote siamshi," akasema. "Seli isiyopumzika huchakaa. Hizo zilizolala ndizo damu yako ya uzeeni, kaka. Nataka za kumtosha yeye, na wewe ubaki mtu."

Maisha yangu yote nimewatukana waliolala. Nikamnyooshea mkono anidunge.

Kesho yake mashine ikanguruma. Damu ilitoka mkono wa kushoto, ikazunguka humo, ikarudi kwa mkono wa kulia, na kwenye mfuko mdogo kukakusanyika kitu kama rojo ya nyanya. Daktari alileta majibu akikaribia kukimbia. Zimetosha. Dada akakaa papo hapo sakafuni.

Mgonjwa akatundikiwa ule mfuko. Daktari aliniambia hazihitaji kuonyeshwa njia, zitaingia mifupani zenyewe. Tukasubiri, na kila kipimo kikaambulia patupu. Kila jioni nilisimama nje ya kioo cha chumba chake, nikashika simu ya ukutani, nikamsomea mashtaka yote: lango, mvua, koti. Hakuwa na nguvu za kujibu. Sijawahi kupata msikilizaji mzuri kama yeye.

Asubuhi moja nesi akanizuia mlangoni, amenuna. Akasema tangu alfajiri mgonjwa wangu anagombana na watu wa jikoni kwa sababu ya chai baridi, na anapiga simu vyumba vya jirani akiwataka wenzake waisuse. Kisha nesi akashindwa kuendelea kununa: seli nyeupe za damu zimepanda, zile zangu zimeanza kazi mifupani mwake.

Nikainyakua simu.

"Kaka," sauti yake ilikwaruza, "damu yako ina makelele. Hainiachi nilale."

"Zikimaliza kazi zitalala zenyewe. Koti langu liko wapi?"

"Lipo. Nilishalishonea kifungo."

"Cha rangi gani?" Mimi siachi jambo hivi hivi.

"Cheusi."

Koti lilikuwa la kahawia. Nikafungua mdomo nimshambulie, nikajikuta nacheka, na upande wa pili wa kioo naye anacheka, ameshika mbavu.