Antena Chini ya Bati

Nelly, fundi redio wa machimbo madogo nje ya Segese, aliitwa kwenye kikao ili afukuzwe. Siku nne kabla, mwamba ulimporomokea mdogo wake Jilala katika duara la tatu, moja ya mashimo ya kuchimbia dhahabu, upande wa pili wa kilima. Walimtoa shimoni mguu umevunjika, wakaomba gari. Makoye, mwendesha winchi, aliita ofisini kwa redio ya mkononi mpaka koo likamkauka. Gari halikuja. Jilala alilala juani kwa saa tatu nzima.

"Redio ni mbovu," Mwenyekiti Bartholomeo aliwaambia wachimbaji. "Huyu fundi ametuuzia mbuzi kwenye gunia."

Damu ilimchemka Nelly. Miezi mitatu alikuwa amemsihi mtu huyu antena ipandishwe juu ya bomba refu, iione ng'ambo ya kilima. Bartholomeo alikataa, ati wezi wataitamani. Akaamuru ifungwe ndani ya ofisi, chini ya bati, kisha akanunua busta ya kuongeza nguvu. Na kweli sauti yake ikafika kila duara, naye akatembea kifua mbele. Nelly alimwonya kwamba busta ile inakuza unachosema tu, haikuongezei masikio. Antena ndiyo mdomo, na ndiyo sikio pia. Akajibiwa kuwa mwanamke hamfundishi mwenye machimbo yake.

Leo hakubishana.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Naomba jambo moja. Twende duara la tatu, uite ofisi mwenyewe. Karani Paskalina abaki kwenye redio. Nikiwa mwongo, naondoka leo hii."

Wachimbaji waliguna kukubali, naye Bartholomeo hakuwa na pa kutokea. Walizunguka kilima, Makoye akamkabidhi redio yake.

"Ofisi, ofisi. Mwenyekiti hapa."

Kimya. Akaita tena. Akapanda juu ya kifusi, akaita kwa ukali, utadhani mawimbi nayo huogopa cheo. Shati lilimganda mgongoni kwa jasho.

Ndipo redio ikafoka mkononi mwake, sauti safi kabisa ya Paskalina: "Duara la tatu, mbona hamjibu? Mnalala huko?"

Hakuna aliyecheka.

"Siku ile maneno hayo uliyasema wewe, baba," Makoye alisema taratibu. "Nasi tulikuwa tunakujibu. Jilala alikuwa analia hapa, miguuni pangu."

Bartholomeo alishusha redio. Alitazama chini, penye vumbi lililokuwa bado na doa jeusi la damu.

"Hilo bomba liko wapi?"

"Nyuma ya ofisi yako," Nelly alisema, na hasira yake hakuificha. "Miezi mitatu unalipita kila asubuhi. Linahitaji watu wawili kulibeba. Mmoja ni mimi."

Wachimbaji wote walisimama wakimtazama Mwenyekiti, mpaka akaanza kukunja mikono ya shati.